Mwaka Wangu mu Camp ya ING

Ndiyo, Yaya Masika, dada yangu mukubwa, najua ilikuwa camping, haikukuwa camp. Unanieleza hii neno tangu jana kama vile miye sikukuwa pale, na miye njo nilikaa pale mwaka muzima, weye ulikuja mara mbili na viatu yako nyeupe ukarudia siku ile ile. Ilikuwa camping, nakubali. Baba yako, baba mukubwa wangu, alitaka bageni bakuje, balale, bapige picha ya muto, barudie kwabo. Lakini weye unasema kama kila mutu mwenye alilala pale alikuwa mugeni, na kama mugeni anatokaka wakati mwenye nafasi anakufa, na kama kesho mbele ya bazee ninyamaze tu. Hapo njo sikubali. Mu jikoni sikukujibu muzuri, juu nilikuwa na sahani mingi mu mikono na mama mukubwa alikuwa anapita-pita. Donc nakujibia hapa ku karatasi, penye hakuna mutu wa kunikata maneno.

Nimechoka, njo maana pengine nitaandika mubaya. Tangu tuzike baba mukubwa Kambale, hii nyumba yetu ya Butembo haijalala. Batu banatoka Kirumba, banatoka Vuhovi, banaingia na machozi, kisha saa moja banauliza kama kuko chai. Tumelala ku mikeka, bamama batano mu chumba moja, mulango haifungike juu ya miguu ya mutu. Nguo yetu yote inanuka moshi. Miye mutoto wa ndugu yake, mwenye alinilea tangu humanités, masomo ya sekondari, niko naosha sahani tangu siku ya kwanza, na mikono yangu imekuwa kama ya mutu wa miaka makumi sita. Na katikati ya ile yote, jana, bazee ba famille, ba ukoo wetu, balikaa mu salon, sebule yetu, na balianza maneno ya ile nafasi ya ku muto. Kuko mutu wa kakao anataka kuinunua. Masika na mama yake banataka kuuzisha, na siseme kama ni babaya: baba mukubwa aliacha nyumba haijamalizika, mvua inaingia mu chumba penye alikufia. Mais ku ile nafasi kuko mama moja na batoto bake, Mama Neema, na yeye anasema baba mukubwa alimupatia pale. Muzee mwenye kuongoza, ndugu ya bibi yetu, akauliza neno moja tu. Nilikuwa napitisha vikombe, nikasikia. Aliuliza: kuko mutu wa hii famille mwenye aliona marehemu anakula mavuno ya kwanza ya ule mama? Batu bote balinyamaza. Akasema, bon, tutauliza tena kesho kutwa asubui, na yeye mama atakuwa hapa.

Nilirudisha plateau, ile sinia ya vikombe, mu jikoni mbele bengine hawajapata. Juu miye niliona. Miye njo nilipika.

Mwaka ile nilikuwa nimepata diplôme d'État, ya kumaliza sekondari, na nilifikiri kama dunia yote inaningojea ku mulango. Baba mukubwa akaniambia université haikimbie, kwanza nimusaidie kidogo, kidogo tu, kule msituni. Alikuwa amenunua nafasi ku muto, unatoka Beni unafata barabara ya Mangina, kisha unaacha barabara, unapita mu mashamba ya kakao ya batu, kisha mu pori ya kweli yenye miti haionyeshe mbingu, na mwisho unasikia mayi kabla hujayaona. Alikuwa mutu wa kuuzisha manjanja, mabati ya nyumba, hakukuwa mutu wa bageni. Mais aliona ku télévision bazungu banalala mu tente kando ya muto, banakunywa chai mu vikombe ya chuma na banacheka, na hiyo picha haikumutoka tena mu kichwa. Alisema sisi tuko na muto, tuko na pori, tente zinauzishwa ku soko. Nani anajua Kifaransa ya kupokea batu? Kavugho. Na Kavugho akaenda.

Tente zilikuwa sita. Zilikuwa nyeupe, za kizamani, za ONG moja, shirika ya misaada, yenye ilifunga mulango na bintu yake ikaingia ku soko. Baba mukubwa alisugua maandiko yabo na petrole, haikutoka, akapaka rangi ya kijani juu, sasa kila tente ilikuwa na kidonda ya kijani ku tumbo. Ndani, muchana, ilikuwa moto kama mu sufuria yenye kifuniko, na harufu ya plastiki ilikuwa inashika mu nywele. Usiku baridi ya muto ilikuwa inapanda kupitia chini, kitanda inakuwa na mayi-mayi bila mvua. Nilikuwa naanika matelas, godoro yangu, mu jua kila siku na kila siku ilikuwa inarudia na ule unyevu. Jikoni ilikuwa bâche, turubai, ku miti ine na mawe tatu. WC ilikuwa shimo na ukuta wa majani, na mulango ilikuwa kikwembe, kipande ya kitenge: ukiona kikwembe imefungwa, unangoja. Nilikuwa nakula fufu na sombe ya majani ya muhogo, sombe na fufu, siku ingine ndizi na samaki kadogo ka muto kenye mifupa mingi kuliko nyama. Kwa kupata réseau ya téléphone, ulipashwa kupanda ku kichuguu kimoja nyuma ya tente ya mwisho na kusimama uso ukiangalia upande wa Beni. Nilisimama pale mara mingi sana. Rafiki zangu ba classe balikuwa banatuma picha za auditoire, ukumbi wa masomo ya université, na miye niko juu ya kichuguu na bote bananiita Mademoiselle Camping.

Sasa panneau, kibao ya ku barabara. Iyi njo ilileta yote. Baba mukubwa alimupatia peintre, mupaka rangi wa Butembo, kibao, akamwambia aandike CAMPING makubwa, batu baone kutoka mbali. Peintre akaanza na herufi makubwa kweli, C, A, M, P, na pale kibao ikaisha. Akaangalia, akaona atafanya nini, akaandika ING chini yake, ndogo, mu pembe, kama vile sahihi. Baba mukubwa alikasirika, mais rangi ilikuwa imekauka na peintre alikuwa amekula chakula yake. Tukaipandisha ku barabara hivyo. CAMP, na chini, ING. Na kwetu, kila mutu anajua: camp ni fasi ya batu benye balikimbia vita, na herufi tatu ku pembe ya panneau ni jina ya ONG. Na tente nyeupe njo hizo. Nani angefikiri kingine?

Bageni ba kweli balikuwa bahesabike. Kikundi cha chorale na padri wabo, balilala usiku moja, baliimba muzuri, asubui balisema mbu imebauma. Baagronome, bataalamu babili ba kilimo ya kakao, moja alinipa hotuba ndefu juu ya WC. Bibi na bwana harusi, balikuja tu kupiga picha mu mayi, robe, gauni yake, ikachafuka, bibi harusi akalia. Mais bale bengine balikuja kila juma. Balikuwa banatoka ku vijiji ya juu ya Beni, banatembea, matelas ku kichwa, sufuria mugongoni, kuku chini ya mukono, na banauliza bureau, ofisi ya ING, iko wapi. Kila mara nilieleza. Kila mara balikaa chini kwanza, juu balikuwa bamechoka, banakunywa mayi, kisha banaamuka banarudia ku barabara kuelekea Beni mujini. Mwanzoni ilinichekesha, kisha ilikuwa inanichosha, kisha nilikuwa nasikia miguu ku njia na roho yangu inakauka mbele hata sijaona mutu.

Mama Neema alikuja musimu wa mvua. Alikuwa na Neema mwenyewe, kama miaka saba, na kijana mudogo ku mugongo. Bwana yake alibaki nyuma kuvuna kakao yabo, alisema atabafata. Alitelemusha mutoto, akasalimia, akauliza ING. Nikamueleza kama vile nilieleza bengine, haraka-haraka, kama catéchisme.

"Mama, hapa hakuna jeton ya kupokea chakula, hakuna ration. Hapa si camp, ni camping."

"Tofauti ni nini?"

"Camping, batu banakuja kulala mu tente juu banapenda."

Aliniangalia kwanza miye, kisha tente, kisha tena miye.

"Kuko batu benye banapendaka?"

Alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na Neema naye akacheka juu mama yake anacheka, na miye, siku ile nilikuwa na hasira na dunia yote, nikacheka pia. Kisha mvua ikanyesha na nikamwambia aingie mu tente ya sita, yenye ilikuwa imetoboka, usiku moja tu.

Baba mukubwa alikuwa anakuja mwisho wa kila mwezi, na moto, ile pikipiki yake, na chumvi na sabuni. Alipomukuta, alikasirika. Alisema hii si fasi ya kukaa batu, bageni bakiona hii batakimbia. Mama Neema alisema ndiyo papa, tutatoka. Mais bwana yake hakukuwa anafika. Kila siku alienda mpaka ku barabara kuangalia, na kila siku alirudia na muzigo wa kuni, kama vile kuni njo alikuwa anatafuta. Miye sikumuuliza. Kulikuwa na bamama bengine benye balikuwa banapita, bakajua jina yake, banakaa naye mangaribi ku moto, na miye mu tente yangu nasikia yote, tente haina ukuta. Balikuwa banaongea Kinande, luga yetu, polepole, juu ya mashamba yenye baliacha: nani sasa anakula avocat, parachichi zabo, kama mbuzi ya fulani ilizaa. Balikuwa banachekana pia. Moja alisema bwana yake alikimbia na radio mu mikono akasahau suruali. Mara moja nilisikia moja anamuuliza Mama Neema juu ya nini haendi ku camp ya kweli, kule Beni, penye banaandika batu. Alijibu kama kule atakaa anangojea jeton mpaka mikono inasahau jembe. Hapa udongo ni mweusi, alisema. Udongo ni mweusi na hakuna mutu anaulima.

Na akaanza kulima. Hakuomba mutu. Nyuma ya tente, penye baba mukubwa alikata miti kwa kuweka parking ya magari yenye haikukuja hata siku moja, aliomba jembe kwa jirani wa kakao akalima parking. Akapanda maharagi. Miye niliona, nikasema hii si mambo yangu. Nilikuwa nahesabu mu kichwa kama université itafungua mulango lini. Wakati majani ilianza kupanda ku bijiti, yeye pia alianza kupanda: alikuwa anafagia mbele ya tente zote, anaosha mashuka ya bageni benye habakuji, anatengeneza mulango mupya ya WC na mabanzi. Siku moja mutu alikuja ku njia. Hakukuwa bwana yake, alikuwa ndugu ya bwana yake. Bakakaa mbali kidogo, ku mawe ya muto. Sikusikia kitu juu ya sauti ya mayi. Niliona tu yeye anavua kitambaa ya kichwa, anaikunja, anaikunja tena, mpaka ikawa kadogo kama sabuni. Kesho yake alienda ku shamba kama siku yote. Hakuenda tena kuangalia ku barabara.

Maharagi ikakomaa. Baba mukubwa akafika mwisho wa mwezi, akiwa amechoka, matope mpaka ku magoti. Mama Neema alikuja ku jikoni yangu na maharagi mibichi mu kikwembe, akaniomba nipike, yeye hatapika. Nikafikiri ni uvivu. Nilipika na mafuta ya ngazi, ya mawese, na kitunguu kimoja, na nikasonga fufu. Wakati nilitaka kupeleka sahani, aliitoa mu mikono yangu. Akaibeba yeye, mikono mbili, akapiga magoti mbele ya baba mukubwa, akaweka.

Baba mukubwa akauliza, hii maharagi umenunua wapi?

"Ni ya hapa, papa. Ni ya udongo yako."

Nakumbuka nilikuwa nasimama ku mulango ya tente na kijiko mu mukono, nilikuwa nimetengeneza maneno yangu: leo nitamuambia natoka, nataka kusoma, nimechoka na hii pori. Nilikuwa nangojea tu ale. Na yeye hakula. Aliangalia ile sahani mpaka mafuta ikaanza kushikana ku pembe. Mama Neema hakuinua kichwa. Neema alikuwa nyuma yake, mukono ku mabega ya mama. Nilifikiri, ni nini hii, muzee anaogopa maharagi? Kisha akaomba mayi, akanawa, akakula. Alikula yote. Alipanguza sahani na fufu ya mwisho, na akasema:

"Mwaka kesho, utaniletea tena."

Mama Neema alipiga mikono polepole, akasema wasingya, asante, akarudisha sahani. Hiyo tu. Miye nilianza mbio-mbio hotuba yangu ya université, na baba mukubwa akanikata, akasema funga bintu yako, kesho tunaenda pamoja. Nikamuuliza, na camping? Akaonyesha na kidevu upande wa tente ya sita: huyu iko.

Nilifurahi mpaka sikuuliza kitu. Nilitoka ile pori bila kuangalia nyuma, juu ya ile pikipiki, katikati ya baba mukubwa na valise ya nguo. Nilisoma, nikamaliza, leo niko mwalimu wa primaire hapa Butembo, na miaka hii yote nilisema kama nilitoka juu nilijua kusema. Sikujua kama kuna mutu alibaki mu nafasi yangu, na kama pale ku sahani ya maharagi njo mulango wangu ilifunguka. Ni jana tu, na plateau mu mikono, njo nilielewa juu ya nini ule mama alikatala kupika na juu ya nini baba mukubwa aliacha chakula ipoe. Kwetu mutu akikupatia udongo hakupatie karatasi. Unamuletea mavuno ya kwanza. Akiyakatala, weye ni mupita-njia, utavuna utoke. Akikula, na akisema urudie, basi. Alikuwa anafikiri, pale. Mutu mwenye alinunua pori kwa ajili ya bazungu ba télévision, aliangalia sahani na alipashwa kuchagua, na alichagua bila kutuambia kitu, kama vile alifanyaka mambo yote.

Jana mu jikoni, wakati nilikuambia hii, ulisema kula maharagi si kutoa shamba, kila mutu mwenye njaa anakula. Nakujibu, Yaya: na maharagi yenye ilikuwa inafika hapa kila mwaka, mu kifuko, na motard, mutu wa pikipiki wa Beni? Mama yako alifikiri baba anainunua. Weye pia ulikula. Ulikuwa unasema hii maharagi inaivaka haraka, si kama ya hapa. Ilikuwa ya parking.

Leo mangaribi, wakati tulikuwa tunakunja mikeka, Masika alinikuta peke yangu. Hakusema na hasira. Uso wake ilikuwa imevimba ya machozi, na alishika mukono yangu kama wakati nilikuwa mudogo na ananivusha barabara. Alisema mama mukubwa atalala wapi kama mvua inaendelea kuingia. Nikasema najua. Alisema ule mama si ndugu yetu. Nikasema najua. Kisha akaniuliza, polepole, "Kavugho, unalalaka wapi? Unakulaka wapi?"

Ni nyumba yabo, ni kweli. Nilirudia ku sahani zangu. Na nimekaa hapa sasa ku kona ya jikoni, penye kuko mwangaza kidogo, bamama banaanza kukoroma mu chumba, na nimechoka mpaka mifupa, nimechoka na kulia, na chai, na watu benye banasema pole bila kujua jina yangu. Ningependa kulala na kesho ipite bila miye. Bazee bataulizana, batu batanyamaza, Mama Neema atasema yake na hatasikiwa, juu mutu hawezi kuwa shahidi wake mwenyewe, na jioni ile ya maharagi itakuwa kama haikukuwako. Ni kitu rahisi sana. Hauna haja ya kusema uongo. Unabeba tu vikombe.

Kesho asubui nitaamuka mbele ya bengine. Nitafagia kiwanja, juu sitaki mutu aseme nilikimbia kazi. Nitafunga nguo zangu mu valise na nitaipeleka kwa Mama Kyakimwa, jirani, nimuombe aniwekee, nitamwambia kweli, kama sijui nitalala wapi. Kisha sitaingia mu jikoni. Nitatafuta Mama Neema kati ya batu, nitamusalimia, nitakaa ku kiti kando yake, mbele, penye bazee bananiona. Na muzee akianza tena kuuliza kama kuko mutu mwenye aliona, sitangoja amalize. Nitasimama.